Impakti ya betri kwa matengenezo ya gari nyumbani: tusidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye kasha

#1 – Mwanzisha uzi (Dar es Salaam)

Wanajamvi, habari za jioni.

Nimeulizwa swali moja na watu watatu kwa nyakati tofauti, wote wenye magari madogo ya Toyota na wote wamechoka kukaa gereji nusu siku kwa ajili ya kubadilisha pedi za breki tu: wanunue impakti gani ya betri, yaani ile mashine ya kufungulia nati kwa mapigo? Niliwajibu kwa maneno mawili matatu, nao hawakuridhika. Nimeona heri niandike kwa kirefu hapa, ili wenye uzoefu kuliko mimi wanisahihishe mbele ya wote.

Nianze na kilichonifanya niitafute mashine hii. Nilipata pancha nje kidogo ya Chalinze nikiwa na IST, gari lenye nati nne tu kwa kila gurudumu. Wiki mbili kabla ya hapo tairi hilo lilikuwa limefungwa na kijana mmoja kwa mashine ya upepo, ambaye alibonyeza kitufe hadi mashine ikalia, kisha akabonyeza tena kwa kujiridhisha. Nilisimama juu ya spana ya gurudumu kwa uzito wangu wote hadi spana ikapinda. Nati tatu zilikubali, ila ya nne ilitoka pamoja na kipande cha stadi yake, yaani ule mchuma wenye nyuzi unaoshika nati.

Tufanye hesabu ndogo, kwa sababu ndiyo itakayotusaidia kuchagua. Kwa magari mengi madogo ya Toyota, nati ya gurudumu hukazwa kwa Nyutoni-mita 103 (tuandike Nm). Ukiwa na spana yenye urefu wa sentimita 35, unafikia kiasi hicho kwa kuisukuma kwa nguvu ya kilo 30 hivi, jambo ambalo mtu yeyote mzima analiweza. Ukichomeka bomba hadi mkono wa spana ukafika sentimita 60, na mtu wa kilo 70 akasimama mwishoni mwake, anapata takriban Nm 400. Kwa hiyo nati inayokataa bomba na mtu juu yake haikukazwa kwa 103. Ama ilikazwa kupita kiasi, ama imeshikwa na kutu.

Impakti hufanya kazi tofauti na mkono. Ndani yake mna nyundo inayozungushwa na mota huku ikibanwa na springi. Nati ikigoma, nyundo hurudi nyuma kidogo, huruka, kisha hulipiga fuawe lililoshika soketi (kikombe kinachovaa nati), na hurudia hivyo maelfu ya mara kwa dakika. Ndiyo maana mtu mwembamba huweza kuishika kwa mkono mmoja bila kuvunjika kifundo. Ndiyo maana pia namba inayoandikwa kwenye kasha haipaswi kusomwa kama tunavyosoma namba ya spana: ni kiwango kinachofikiwa baada ya sekunde kadhaa za kugonga bolti nzuri ya majaribio, betri ikiwa imejaa.

Tena namba hizo huwa mbili. Ya kwanza ni ya kukaza, na ya pili, ambayo daima ni kubwa zaidi, ni ya kufungua. Makita DTW300, kwa mfano, imetajwa kuwa na Nm 330 za kukaza na 580 za kufungua. Bosch GDS 18V-300 ina 300 na 500. Muuzaji mjanja atakutajia ile ya pili peke yake, halafu ataiweka kando ya namba ya kwanza ya mashine nyingine ili uone kwamba yake ni bora. Matangazo ya Marekani yana mtego mwingine, kwa kuwa kipimo chao ni futi-pauni na si Nm: DeWalt DCF899 inayotangazwa kwa 700 ni sawa na Nm 950 hivi, kwani kila futi-pauni moja ni Nm 1.356. Linganisha namba za aina moja, la sivyo utakuwa unalinganisha shilingi na dola.

Sasa, nyumbani unahitaji kiasi gani? Nati ya gurudumu ni 103. Nati ya shafti kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele ya Corolla za kizazi cha E120 ni 216. Bolti za mabano ya kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) na za shokapu kwa chini zimo humo humo katikati. Ukiongezea kutu na ubishi wa miaka kumi na mitano, mashine yenye Nm 300 hadi 400 za kweli za kukaza, ambayo ikifungua hukaribia 600, inamtosha mwenye gari dogo. Zile za Nm 1,000 na kuendelea, kama Makita DTW1002, ni mashine nzuri sana kwa wenye malori na Land Cruiser, lakini ni nzito na ndefu. DTW1002 ina karibu sentimita 23 kutoka kichwani hadi mgongoni, ilhali DTW300 haifiki 15. Ukiongeza soketi ndefu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mashine itaingia nyuma ya habu au utabaki unaitazama bolti kwa macho.

Maoni yangu kwa ufupi: nunua ya kati, yenye kichwa cha nusu inchi cha kuvalia soketi, yenye mota isiyotumia kaboni, kutoka chapa ambayo betri yake utaipata tena miaka mitatu ijayo. Fedha itakayobaki inunue soketi nyeusi (za kuhimili mapigo) na spana yenye kipimo cha Nm za kukaza. Nakaribisha kupingwa.

#2 – Mchangiaji (Morogoro)

Mkuu, asante kwa somo. Mimi ni mmoja wa wale wanaotaka kununua wiki hii. Kuna mashine nimeiona Kariakoo, upande wa Gerezani, imeandikwa 388VF kwenye betri, inakuja na betri mbili, chaja, soketi na sanduku lake, na bei yake haifikii hata nusu ya mashine tupu (bila betri) ya Makita. Muuzaji amenihakikishia kwamba volti 388 zinaishinda 18 kwa mbali sana. Naomba kueleweshwa kabla sijatoa fedha.

#3 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Morogoro, swali lako ni zuri kuliko uzi wangu wote.

Betri hizi zote zimeundwa kwa seli ndogo za lithiamu zilizo mfano wa betri ya tochi. Seli moja ina wastani wa volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Ukiunganisha tano kwa mfululizo unapata 18 kwa wastani na 21 zikiwa zimejaa. Hapo ndipo zinapotoka 18V ya Makita, 20V ya DeWalt na 21V ya mashine zisizo na jina: ni kitu kile kile, kila mmoja amechagua kuhesabu anapopenda.

Kuhusu 388VF, mimi nilinunua yenye maandishi ya namna hiyo kabla sijapata akili. Nilipoipima betri kwa mita ikiwa imetoka kwenye chaja, ilisoma 20.6. Nikafungua skrubu nne za mgongoni na kukuta seli kumi, mistari miwili ya seli tano tano. Ili kupata volti 388 za kweli ungehitaji seli zaidi ya mia moja, yaani betri isiyobebeka kwa mkono mmoja na yenye umeme wa kumuua mtu. Hiyo namba ni mapambo, na herufi zinazoifuata sijawahi kuelezwa na muuzaji yeyote maana yake.

Je, mashine hizo hazifanyi kazi kabisa? Si kweli. Yangu ilifungua nati za gurudumu zilizokazwa kwa haki. Ila tatizo la seli dhaifu ni kwamba mota ikidai umeme mwingi kwa mkupuo, volti hushuka na nyundo hupiga kivivu, na hilo hutokea kwenye nati ngumu, yaani pale pale ulipoihitaji. Baada ya miezi saba betri moja ilikataa kushika chaji, na nyingine ikawa inapata moto hadi nikaogopa kuiacha ndani ya nyumba usiku.

Kama bajeti ni ndogo, kuna njia ya katikati: chapa kama Ingco na Total zina mashine za 20V zinazouzwa waziwazi kwenye maduka ya zana, na betri zake zinauzwa peke yake. Hazina makali ya zile kubwa, lakini angalau zinasema 20 zikiwa na maana ya 20.

#4 – Mchangiaji, fundi (Tanga)

Shikamooni wakubwa, na wadogo nawasalimu.

Mwanzisha uzi ameeleza vizuri, lakini hapo kwenye Nm 300 tuachane kidogo. Huyo ni mtu wa barabara ya lami ambaye gari lake analala nalo Kimara. Sisi tunaofanya kazi kando ya bahari tunapokea magari ambayo chumvi imeyala kwa chini hadi bolti ya shokapu na mkono wake vimekuwa chuma kimoja. Mengine hayakuanza kuoza hapa. Yalikuja na kutu yake kutoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi. Kabla hujanunua mashine, lala chini ya gari lako na utazame. Ukikuta kutu ya rangi tu juu ya chuma, ushauri wake unakufaa. Ukikuta kutu inayobanduka kama magamba ya mti, tafuta yenye 500 au 600 za kukaza.

Hata hivyo, mashine kubwa si dawa ya kila kitu. Bolti iliyoshikwa mimi huimwagia mafuta ya kulegeza jioni na kuirudia asubuhi. Kisha huigonga kichwa kwa nyundo mara tatu nne, halafu naiwekea impakti kwa vipindi vifupi, mbele kidogo na nyuma kidogo. Kijana anayeshikilia kitufe kwa sekunde thelathini mfululizo anaichemsha betri na anaikata bolti.

Kuna jambo jingine ambalo limewatesa wengi nyumbani: nati ya shafti. Kwenye Toyota nyingi, ukingo wa nati hiyo umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti ili isilegee. Watu hawauoni kwa sababu ya tope na grisi. Wanaweka soketi ya 30, wanabonyeza, nati inatoka kweli, lakini imetoka na nyuzi za shafti. Safisha kwanza kwa brashi ya waya, tafuta ule mbonyeo, uinue kwa patasi nyembamba hadi ukingo uwe duara tena, ndipo uweke mashine. Wakati wa kurudisha weka nati mpya. Ni kitu cha bei ndogo.

Na tafadhali, soketi zile zinazong'aa msizitie kwenye impakti. Chuma chake ni kigumu lakini ni chembamba na hupasuka kwa mapigo. Nilishaokota kipande kilichonipita jirani na sikio. Nunua zile nyeusi, za pembe sita na si kumi na mbili, na vaa miwani. Kwa nyumbani huhitaji seti ya vipande arobaini: 17, 19 na 21 ndefu zenye ukuta mwembamba ili zisikwaruze rimu, na hiyo 30. Kwa magurudumu, 21 ni ya Toyota, 19 ni ya Honda na Subaru, na 17 ni ya bolti za Volkswagen.

#5 – Mchangiaji (Nairobi)

Hamjambo. Nimefuatilia mjadala huu kwa makini na ningependa kuongezea jambo kuhusu betri, kwa kuwa hapo ndipo nilipopotezea pesa zangu.

Nilinunua mashine nzuri ya kati pamoja na betri ndogo ya ampea-saa 1.5 (kipimo cha umeme inaohifadhi), nikidhani kwamba betri kubwa inaongeza muda tu. Baadaye rafiki aliniazima ya 5.0 ya chapa hiyo hiyo, na mashine ikawa kana kwamba imebadilishwa. Sababu yake ni hiyo aliyoigusia mwanzisha uzi: betri ndogo ina mstari mmoja wa seli tano, nayo kubwa huwa na mistari miwili inayogawana mzigo, kwa hivyo volti hazishuki sana mota inapovuta kwa nguvu. Kabla ya kumtafuta mwenye kuuza mashine yenye nguvu zaidi kule Kirinyaga Road, jaribu kwanza mashine uliyo nayo kwa betri kubwa.

Pia tazameni chaja. Zana zilizotumika kutoka Japani zinauzwa kwa wingi na nyingi ni nzima kabisa, lakini chaja zake ni za volti 100. Nilichomeka yangu kwenye umeme wa 240 na ikatoa moshi kabla sijaondoa mkono. Chaja za Marekani ni za 120, nazo ni hivyo hivyo. Nunueni mashine na betri za huko mkipenda, lakini chaja iwe ya hapa kwetu.

#6 – Mchangiaji (Muscat)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kwa sisi wa huku Ghuba, watu wa nyumbani hutuagiza zana hizi kila tunaposafiri, khasa kuelekea Unguja na Mombasa, basi niseme la safari tu. Mashine tupu haina shida kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Betri ya ziada haikubaliwi huko. Lazima ukae nayo mkononi, na vidomo vyake vya umeme vifunikwe. Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100 kwa kila betri, na hesabu yake ni volti mara ampea-saa: betri ya 18V na 5.0 ni 90, imepita. Ya 6.0 ni 108, hiyo uombe ruhusa ya shirika la ndege kabla hujaondoka nyumbani, usingoje kubishana uwanjani. Chaja za huku ni za 220 mpaka 240 na plagi yake ni ile ile ya pini tatu pana, kwa hiyo hazina maneno.

#7 – Mchangiaji (Morogoro)

Nashukuru sana wote. Nimeachana na 388VF. Swali langu la mwisho: nikishamaliza kazi, naruhusiwa kukazia nati kwa mashine hii hii, au nirudi kwenye spana ya mkono?

#8 – Mwanzisha uzi

Kwanza nimshukuru fundi wa Tanga kwa kunisahihisha. Kweli gari langu halijawahi kulala karibu na bahari, ingawa Kimara si kwangu.

Kuhusu kukaza, mimi huichukulia impakti kuwa mashine ya kufungulia. Kurudisha nati naanza kwa vidole, kila moja mizunguko mitatu au minne, kwa sababu nati iliyoingia upande ikipigwa na mashine huliwa nyuzi kabla hujajua kilichotokea. Baada ya hapo naweza kuizungusha kwa mashine ikiwa kwenye hatua ya chini kabisa mpaka iguse rimu tu, kisha nashusha jeki hadi tairi liguse ardhi na kumalizia kwa spana yenye kipimo kwenye 103, nikienda kwa nati zinazoelekeana. Baada ya kilomita 50 hadi 100 hurudia kuzipima. Nyuzi ziwe safi na kavu: ukizipaka grisi, ile 103 ya kwenye spana itaivuta stadi kuliko ilivyokusudiwa, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu ya kukaza huliwa na msuguano.

Kuna mahali ambapo mashine haigusi kabisa. Bolti ya kumwagia oili inakazwa kwa Nm zisizofika 40 ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) ambayo mara nyingi ni ya aluminiamu. Mpigo mmoja na nusu unatosha kukununulia sampu nyingine. Plagi za injini ni hivyo hivyo. Ile nati ya kuzuia wizi wa rimu yenye ufunguo wake maalumu ifunguliwe kwa mkono, kwani ufunguo ukivunjika utalia. Na kibanio cha springi za shokapu kizungushwe polepole kwa mkono hata kama unaona uvivu, kwa sababu mapigo huharibu nyuzi zake, na springi iliyobanwa ikiachia hakuna wa kusimulia.

#9 – Mchangiaji (Morogoro)

Wakuu, mrejesho. Nimechukua Makita DTW300 tupu, betri moja ya 5.0, chaja ya hapa hapa, soketi nyeusi tatu na spana yenye kipimo. Leo asubuhi nimeweka gari kwenye stendi na kubadilisha pedi za mbele mwenyewe. Kelele ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, na mke wangu amenitaka nisianze tena kabla ya saa tatu siku za Jumapili. Nati zote isipokuwa moja zilifunguka ndani ya sekunde moja au mbili. Hiyo moja, ya gurudumu la kulia, ilichukua kama sekunde nane kwa vipindi, ikatoka ikiwa ya moto. Zote nimezirudisha kwa 103 na spana imelia vizuri.

#10 – Mchangiaji, fundi (Tanga)

Hongera. Hiyo iliyochukua sekunde nane na kutoka ya moto usiiache hivyo. Itoe tena kesho, pitisha brashi ya waya kwenye stadi yake, kisha chukua nati nyingine nzima na uizungushe kwa vidole toka ncha hadi mwisho. Ikipita laini, basi ilikuwa kutu tu. Ikigoma mahali pamoja, stadi hiyo imevutika. Ibadilishe pamoja na nati yake kabla hujasafiri nalo.